Kanuni Iliyolala

Wahenga wamesema kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msemo huu hutajwa aghalabu kwa kuusifu usawa wa sheria, kwamba haimjui mwenyeji wala mgeni, mkubwa wala mdogo. Lakini msumeno una hali nyingine ambayo msemo haukuitaja. Waweza kutundikwa ukutani miaka mingi bila ya kukata kitu, hata watu wa nyumba wakasahau kuwa una meno, na watoto wakazaliwa na kukua wakiuona pale kama pambo. Kisha siku moja ukateremshwa ghafla, na mkono wa kwanza kupita mbele yake ukakatwa. Je, mkono huo una kosa? Na aliyeuteremsha, katenda haki au katenda hila? Na hao waliouacha ukutani miaka yote bila ya kuutumia wala kuutupa, wao hawaulizwi neno?

Maswali haya ni ya kale, na mifano yake hutafutwa kwa kawaida mahakamani na katika mabaraza ya watawala. Lakini mfano mmoja ulio wazi kuliko mingi umetoka mahali ambapo wenye hekima hawapatazami sana, napo ni uwanja wa mchezo. Mchezo una fadhila zake kwa mwenye kutaka kupima jambo: kanuni zake zimeandikwa, muda wake una mwisho, na mashahidi wake ni maelfu. Yaliyotokea katika mji wa New York tarehe 23 Septemba, 1908, baina ya timu mbili za besiboli zilizokuwa mahasimu wakubwa, yanatosha kuwa darasa la sheria, la ada, na zaidi ya yote, darasa la lawama.

Besiboli ni mchezo wa Wamarekani, una udugu wa mbali na kriketi. Timu mbili hupokezana zamu tisa. Mrushaji hurusha mpira, mpigaji huupiga kwa gongo, na akiupiga vyema hukimbia kupitia vituo vitatu mpaka arejee kituo cha nne kiitwacho nyumbani; kila anayefika nyumbani huipatia timu yake bao moja. Wakitolewa wachezaji watatu, zamu ya timu yao imekwisha. Sasa, mpigaji aliyeupeleka mpira ardhini hana budi kukimbilia kituo cha kwanza, na kama yuko mwenziwe aliyesimama hapo, mwenziwe naye hana budi kukiacha na kwenda cha pili, kwani kituo kimoja hakikai wawili. Huyu aliyesukumwa asipofika, na mpinzani akakikanyaga kituo hicho hali ameushika mpira, basi ametolewa. Na akiwa yeye ndiye wa tatu kutolewa, bao lililopatikana kwa mpigo huo limebatilika, hata kama mwenye kulifunga alikwishafika nyumbani na kufuta jasho.

Kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa, na hapana aliyeibisha. Lakini ilikuwako desturi juu yake. Pale mpigo wa mwisho ulipoleta bao la ushindi, wachezaji waliobaki njiani waliacha kukimbia na kuelekea chumbani mwao. Desturi hii haikuzuka kwa uvivu. Katika viwanja vya zama hizo watazamaji walitoka kwa kukatiza katikati ya uwanja, na katika uwanja wa Polo Grounds, nyumbani kwa timu ya Giants ya New York, chumba cha wachezaji kilikuwa mwisho kabisa wa uwanja. Mchezaji aliyechelewa alizongwa na umati, wa furaha au wa hasira. Kwa hiyo bao likishaingia, kila mtu mbio. Waamuzi waliyaona hayo na kunyamaza. Msumeno ulikuwa ukutani.

Mwaka 1908 timu tatu zilikuwa zikifukuzana kileleni mwa Ligi ya Taifa: Giants ya New York, Cubs ya Chicago, na Pirates ya Pittsburgh. Giants walikuwa mabingwa wa ligi hiyo miaka ya 1904 na 1905. Cubs waliwapokonya ubingwa mwaka 1906 wakaushika tena mwaka 1907. Uhasama wa timu hizi mbili ulikuwa pia uhasama wa miji yao, na msimu ulipokaribia ukingoni kila mchezo baina yao ulipimwa kama dhahabu.

Siku hiyo ya 23 Septemba, Giants walikuwa na upungufu. Mchezaji wao wa kituo cha kwanza, Fred Tenney, alikuwa na maumivu ya kiuno, na nafasi yake akapewa kijana wa miaka 19 aitwaye Fred Merkle, ambaye msimu mzima alikuwa akikaa benchi. Mchezo ulifika zamu ya tisa, bao moja kwa moja. Giants walikuwa wakipiga, wachezaji wao wawili walikwishatolewa, na mwenzao McCormick alikuwa kituo cha kwanza. Akaja Merkle, akaupiga mpira vizuri, yeye akafika kituo cha kwanza na McCormick akafika cha tatu. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa sababu masimulizi mengi hulipita: bila ya mpigo wa kijana huyu, hayo mengine yote yasingetokea. Akafuata Al Bridwell, naye akaupeleka mpira katikati ya uwanja. McCormick akafika nyumbani. Umati ukashangilia na kumiminika uwanjani. Merkle, aliyekuwa njiani baina ya kituo cha kwanza na cha pili, aliuona mpira umeanguka, akaliona bao limeingia, akauona umati unakuja, akafanya kama walivyofanya wakubwa wake: akageuka kuelekea chumbani.

Johnny Evers, mchezaji wa Cubs aliyelinda kituo cha pili, hakuwa na haraka ya kwenda popote. Alisimama kituoni akapiga kelele aletewe mpira. Yaliyofuata yana masimulizi yanayogongana. Joe McGinnity wa Giants aliudaka mpira akautupa kwenye umati. Kisha Evers akaonekana kituoni ameshika mpira, na kama ulikuwa ndio uleule au mwingine, watu wameapa pande zote mbili. Mwamuzi Hank O'Day akaamua kuwa Merkle ametolewa na bao halihesabiki. Giza lilikuwa likiingia na uwanja umejaa watu. Mchezo ukavunjwa ukiwa sare. Raisi wa ligi, Harry Pulliam, akaithibitisha hukumu hiyo, na mwanzoni mwa Oktoba wakurugenzi wa ligi wakaikubali. Msimu ulipokwisha, Giants na Cubs walikuwa sawasawa, kila mmoja ameshinda 98 na kushindwa 55. Ikabidi mchezo ule urudiwe. Tarehe 8 Oktoba Cubs wakashinda mabao 4 kwa 2, wakachukua ubingwa wa ligi, kisha wakaishinda Tigers ya Detroit na kuwa mabingwa wa nchi nzima. Na New York nzima ikawa na jina moja tu mdomoni, jina la kijana wa miaka 19.

Hapa ndipo pa kupima, na mizani ya haki hutaka upande wa Evers na O'Day upewe uzito wake kamili kwanza. Kanuni iliandikwa. Evers hakutunga jipya, wala hakumtegea mtu mtego. Alisoma kilichosomeka na kila mtu. Fauka ya hayo, kanuni yenyewe ina maana yake. Inasema kuwa ushindi haukamiliki kwa mmoja kufika ikiwa mwenziwe aliyewajibika kufika hakufika. Bao la mmoja husimama juu ya hatua za mwingine. Maana hiyo si ya kipuuzi. Ama O'Day, alihukumu dhidi ya umati uliokwishashangilia, katika uwanja wa watu hao, hali yeye mwenyewe katika ujana wake alipata kuichezea timu hiyohiyo ya New York. Hakimu anayetoa hukumu ambayo kila aliye mbele yake anaichukia, bila ya faida yoyote kwake, ni haki apewe sifa ya ujasiri. Mwenye kudharau hayo anadharau kitu ambacho jamii nyingi zinakililia hawakipati.

Upande wa pili nao una nguvu zake. Kanuni ambayo haitekelezwi haibaki kama ilivyokuwa. Watu hawaishi kwa vitabu. Huishi kwa yale wanayoyaona yakiruhusiwa na yakikatazwa mbele ya macho yao. Mwamuzi anaponyamaza mara moja, amesamehe. Anaponyamaza miaka na miaka, amefundisha. Wanazuoni wa sheria tangu kale wamekubali kuwa ada nayo ina nguvu ya kuhukumu. Kijana aliyeingia ligi akawakuta wakubwa wake wote wakifanya jambo mbele ya waamuzi wote, na wala wasiambiwe neno, hakuwa mvunja kanuni moyoni mwake. Alikuwa mwanafunzi mtiifu wa darasa alilolikuta.

Watetezi wa andiko watajibu, na jibu lao ni la haki, kuwa wanazuoni haohao waliweka mpaka: ada huhukumu pale andiko liliponyamaza, na pale andiko liliposema wazi, ada hunyamaza. Lau kila desturi ingefuta andiko, basi wenye nguvu wangevunja sheria mara kumi ili mara ya kumi na moja waiite desturi. Hoja hii haivunjiki kirahisi, na asiyeiona hatari yake hajaishi sana na wenye nguvu.

Kwa hiyo andiko na ada peke yake havimalizi shauri. Kiko kitu cha tatu ambacho hupita katikati yao, nacho ni mbiu. Katika miji ya pwani ya zamani, jambo jipya halikuwa amri mpaka lipigiwe mbiu mitaani. Ndiyo maana hadi leo watu husema kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hekima ya desturi hiyo ni kuwa amri haimbani mtu kwa sababu ya kuwamo kichwani mwa mtawala, bali kwa sababu imefika masikioni mwa wanaoamrishwa. Na kanuni iliyolala muda mrefu, inapoamshwa, hali yake ni kama ya kanuni mpya. Inahitaji kupigiwa mbiu upya.

Mbiu hiyo ilipigwa? Siku 19 kabla, tarehe 4 Septemba, huko Pittsburgh, Cubs walikuwa wamecheza na Pirates. Mchezo ulimalizika kwa mpigo wa namna ileile, na mchezaji wa Pirates, Warren Gill, hakufika kituo cha pili. Evers aliyaona, akataka Gill atolewe. Mwamuzi siku hiyo alikuwa O'Day huyohuyo, naye akasema hakuliona tukio. Cubs wakalalamika kwa ligi, malalamiko yakakataliwa, bao likabaki na Pirates wakahesabiwa ushindi. Inasimuliwa kuwa O'Day, baada ya kulifikiri jambo hilo, aliiona hoja ya Evers kuwa ni sahihi, na akaazimia kuitumia siku atakapoliona kwa macho yake.

Basi hali ilikuwa hivi. Mwamuzi mmoja alikwishabadilika moyoni. Mchezaji mmoja aliyajua hayo, au aliyatarajia, akakaa akisubiri. Lakini waraka wa kuzikumbusha timu zote kuwa kanuni ile kuanzia sasa itashikwa, ule ambao ungefika kwa kila meneja na kusomwa kwa kila mchezaji, ndiyo mbiu iliyohitajika, na yaliyotokea uwanjani yaonyesha kuwa haikuyafikia masikio ya kijana. Habari za Pittsburgh zilichapishwa, ni kweli, na mwenye kutaka angezisoma. Lakini habari ya gazeti kuhusu lalamiko lililokataliwa si tangazo la sheria. Aliyeisoma kwa uangalifu angeweza hata kujifunza kinyume: kuwa Gill hakukanyaga kituo, na hakupatwa na kitu.

Hukumu ya uadilifu, kwa hiyo, haiwezi kuwa ya neno moja. O'Day aliposema kuwa Merkle hakufika kituo cha pili, alisema kweli, na kwa mujibu wa andiko hukumu yake yasimama. Ligi ilipoiacha kanuni yake ilale, kisha ikaiacha iamke katika mchezo mmoja wa mwisho wa msimu bila ya kumwarifu mtu, ilikosa. Mambo haya mawili hayapingani. Hukumu yaweza kuwa sahihi juu ya tendo, na wenye sheria wakawa na dhambi juu ya mtendaji.

Na hapa ndipo swali kubwa zaidi linapojitokeza, swali ambalo uwanja wa michezo hulificha na maisha hulifunua kila siku. Hukumu na lawama ni vitu viwili. Hukumu huuliza: limetendeka nini? Lawama huuliza: aliyetenda ni mtu wa namna gani? Watu wa New York waliyapokea majibu ya swali la kwanza, wakayafanya kuwa majibu ya la pili. Kutoka "hakufika kituoni" wakaenda moja kwa moja hadi "ni mpumbavu". Wakamwita kwa neno la Kimarekani lenye maana ya mtu ambaye kichwa chake ni mfupa mtupu, na lakabu hiyo ikamganda maisha yake yote. Jina lake likageuzwa hata kitenzi cha mzaha, kwa maana ya kutofika unakotakiwa kufika.

Ichunguzwe hesabu yenyewe, kwani hesabu haina chuki. Kwanza, mchezo wa 23 Septemba Giants hawakushindwa, ulikuwa sare. Pili, baada ya siku hiyo walibaki na michezo mingine, na katika siku tano tu, mrushaji mmoja kijana wa Philadelphia, Harry Coveleski, aliwashinda mara tatu. Lau mmoja tu kati ya michezo hiyo mitatu wangeushinda, usingehitajika mchezo wa marudio. Tatu, walishindwa mara 55 kabla ya mchezo huo wa marudio, na katika hesabu ya ligi kila kushindwa kuna uzito mmoja. Kushindwa kwa Aprili ni sawa na kushindwa kwa Oktoba. Nne, katika mchezo wa marudio wenyewe, aliyesimama kurusha kwa niaba ya Giants na kushindwa alikuwa Christy Mathewson, mmoja wa warushaji wakubwa kupata kutokea, na hapana aliyemwita mpumbavu, wala hakustahili kuitwa hivyo. Tano, McGinnity aliutupa mpira kwa makusudi, akijua afanyalo, na jina lake halikubeba mzigo wowote. Hasara ya msimu mzima, yenye wenyewe wengi, ilikusanywa na kutwishwa mtu mmoja.

Kwa nini binadamu hutenda hivi? Jawabu la karibu ni kuwa hasara iliyoenea haishikiki. Mtu anayeambiwa kuwa ubingwa umepotea kwa michezo 55, kwa uchovu, kwa majeraha, kwa upepo wa Aprili na kwa ustadi wa wapinzani, hana pa kuutua moyo wake. Anayeambiwa kuwa umepotea kwa kijana mmoja aliyegeuka njiani, amepata mahali pa kuutundika uchungu. Lawama, katika hali hii, si hukumu juu ya aliyelaumiwa. Ni dawa ya kutuliza ya anayelaumu. Na kama dawa nyingi za kutuliza, humfanya mgonjwa aache kuuliza ugonjwa wake ni nini. Mtu huyo mmoja, aghalabu, atakuwa mdogo kwa umri, mgeni wa nafasi, asiye na sifa za zamani za kumkinga. Mathewson alikuwa na ushindi wake wa miaka mingi. Huo ulikuwa ngao. Merkle alikuwa na siku moja tu, na siku yenyewe ndiyo ile.

Atatokea mwenye kusema kuwa maneno haya yanamwondolea mtu wajibu. Ikiwa kila kosa litagawanywa kwa watu mia, basi hapana atakayejifunza, na kila mzembe atajificha nyuma ya desturi na wenziwe. Pingamizi hili ni la kweli na lisipuuzwe. Merkle alipaswa kufika kituo cha pili. Hatua chache tu zilibaki, na tangu siku hiyo mchezaji wa besiboli asiyezimaliza hana udhuru. Lakini wajibu na lawama vina tabia tofauti. Wajibu hugawanyika bila ya kupungua: meneja awajibika kwa kutofundisha, ligi kwa kunyamaza, mchezaji kwa kutofika, na hapana hata mmoja ambaye sehemu yake imekuwa ndogo kwa sababu mwenziwe naye ana sehemu. Lawama ya umati, kinyume chake, haitaki kugawanywa. Humtaka mmoja, na ikishampata, wengine wote huenda zao wakiwa huru. Kwa hiyo ni lawama ya mtu mmoja ndiyo inayoondoa wajibu, kwani huwaondolea wote waliobaki.

Meneja wa Giants, John McGraw, hakuwa mtu mpole, na ulimi wake uliogopwa. Lakini katika jambo hili aliona wazi kuliko mji wake. Hakumlaumu kijana, wala hakumfukuza. Alimtunza timuni, akampa nafasi ya kudumu kituo cha kwanza, na Merkle akaendelea kuichezea Giants hadi mwaka 1916. Aliyebeba hasara kubwa kuliko mtazamaji yeyote ndiye aliyekuwa na haja ndogo kuliko wote ya kumtafuta wa kumtwisha. Pengine kwa sababu alijua idadi ya njia ambazo mchezo hupotea, na ni katika kutozijua ndimo lawama hupata makali.

Yuko mwingine katika kisa hiki ambaye aghalabu hutajwa pambizoni, naye ni Harry Pulliam, raisi wa ligi. Yeye alipaswa kuithibitisha hukumu au kuivunja, na lolote ambalo angelifanya, mji mmoja mkubwa ungemchukia. Mwaka uliofuata alizidiwa na maradhi ya fikra, akapewa likizo, akarejea, na mwezi Julai 1909 akajitoa uhai, hali ana miaka 40. Wako wanaosimulia kuwa mchezo ule ndio uliomuua. Msemo huo una mvuto wa hadithi, lakini yafaa ukataliwe kwa sababu ileile iliyotolewa juu ya Merkle. Uchungu wa mtu unaomfikisha huko hausomeki na aliye nje, na kuutafutia sababu moja yenye jina moja ni kurudia kosa la umati wa New York kwa sauti ya huruma. Lisemekalo kwa yakini ni kuwa alibeba mzigo wa kuhukumu katika siku ambazo watu hawakutofautisha hakimu na hasimu.

Kwa wapenzi wa mashairi kisa hiki kina fundisho lao makhsusi, kwani kinahusu nguvu ya neno fupi. Mwaka 1910 mwandishi wa gazeti la New York, Franklin P. Adams, alitunga shairi dogo la mistari minane la kulalamikia jinsi wachezaji watatu wa Cubs, Tinker, Evers na Chance, walivyozoea kuyakatiza matumaini ya Giants. Shairi hilo la mzaha liliyabeba majina hayo matatu kwa wepesi wa mahadhi yake, na watu wasioujua mchezo wakayajua majina. Mwaka 1946 watatu hao waliingizwa kwa pamoja katika Jumba la Heshima la mchezo huo, na wako wanaoshikilia kuwa mistari minane iliwasaidia kuufungua mlango. Neno moja fupi lilimfungia Merkle mlango, na mistari michache ikawafungulia wenziwe. Katika hali zote mbili kalamu ilifanya kazi ambayo gongo halikuifanya.

Lakabu ni shairi lililofupizwa hadi likabaki neno moja. Ina vitu vyote vya shairi zuri: haisahauliki, hupita mdomo kwa mdomo, na hubeba picha. Lakini imekosa jambo moja, nalo ni nafasi ya kumweleza mtu kwa ukamilifu. Mtunzi wa ubeti ana mizani ya kumtosha kusema kuwa mtu alikosea na kuwa alikuwa kijana, kuwa hakufika na kuwa alipiga mpigo mzuri kabla ya hapo. Mtoa lakabu hana nafasi hiyo, wala haitaki. Kwa sababu hiyo, wenye kipawa cha maneno wana dhima kubwa zaidi ya wengine, kwani wao ndio wanaojua kutengeneza neno litakaloganda.

Fred Merkle alicheza misimu mingi. Alifika fainali kuu ya mchezo huo mara tano, na timu zake tatu tofauti, na kila mara timu yake ilishindwa. Na wenye kupenda hadithi wakafanya hilo pia kuwa sehemu ya lakabu, kana kwamba mtu huweza kufika mahali pakubwa mara tano kwa upumbavu. Alipoacha mchezo aliishi Florida, na kwa miaka mingi alijitenga na mikusanyiko ya wachezaji wa zamani. Mwaka 1950 alikubali mwaliko wa kurudi New York, akasimama tena katika uwanja wa Polo Grounds, na watazamaji wakamshangilia. Alifariki mwaka 1956. Giants waliihama New York baada ya msimu wa 1957, na uwanja wenyewe ukabomolewa mwaka 1964.

Shangwe za mwaka 1950 zilikuwa njema, lakini ni muhimu kuona zilikuwa nini. Zilikuwa msamaha, na msamaha humchukulia mtu kuwa ana deni. Merkle aliiwia timu yake hatua chache baina ya vituo viwili. Ligi ilimwia mbiu, wenziwe walimwia ukweli kuwa walifanya kama yeye siku zote, na mji ulimwia miaka 42. Siku ile uwanjani, deni moja tu kati ya hayo ndilo lililotajwa.